Okidi ya Eva Isipewe Maji

Jumapili, 8 Juni 2025

Kipupwe kimeingia Rhotia bila hodi. Ukungu mpaka saa nne, nguo hazikauki. Leo nimehamishia chungu cha okidi kwenye kona ya baraza, penye baridi, nikatangaza mezani: hakuna kuimwagilia mpaka Agosti iishe. Hakuna!

Ni ya marehemu mdogo wangu, Eva. Alikuwa mtunza bustani kwenye lodge moja huko juu, akapewa kipande akakilea. Kila kipupwe alituonya — ikipukutika majani msilie, imelala. Ikae na kiu yake, ndipo ichanue. Tangu afariki tumeinywesha kwa huruma vipupwe viwili. Maua hatujayaona. Inatoa vitoto tu, vimiche vidogo vinavyochipua shinani mahali ambapo ua lingetoka. Misa ya kumbukumbu yake ni Septemba. Nataka maua yake yawe altareni siku hiyo. Mwaka huu sitaki kingine.

Mume wangu Hilary akasema sawa, mwalimu. Mama alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua. Yuko kwetu tangu Machi. Miguu inamsumbua, na kule Endabash hana wa kumwangalia.

Jumamosi, 21 Juni

Majani yameanguka yote. Yamebaki mashina matupu, na watu sasa wamepata la kusema! Zulfa wa dukani amepita, akasimama kabisa — eti mwalimu Sabina, ua lako limeshakata kamba. Akaniletea na mbolea ya kukuzia iliyobaki kwenye mahindi yake. Bure, jirani mwema. Nikamwambia aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Akacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 3 Julai

Jumuiya imesali kwetu leo. Chai, maandazi, yote nimeandaa mimi. Kumbe wamekuja kunihukumu! Zamu ya maombi ikamfikia Felista, mwenyekiti wetu. Kafumba macho — tuviombee viumbe vyote vinavyonyimwa maji, na waliokabidhiwa kuvitunza waguswe mioyo. Twakuomba utusikie! Na mimi nimeitikia, tena kwa sauti, kabla akili haijanirudia.

Halafu wawili wakanong'onezana mlangoni kwamba labda mimi na marehemu hatukuiva chungu kimoja. Kwa Kiiraqw! Mbele yangu, kana kwamba mimi nimezaliwa Ujerumani. Nilifunga mlango nusura kidole cha mtu kibaki.

Mama alikuwa amekaa pale pale. Angeweza kunitetea.

Jumatatu, 14 Julai

Vipande vya mkaa ndani ya chungu, ambavyo okidi imeotea badala ya udongo, vimelowa. Mvua hakuna, bati halivuji. Nimemuuliza Hilary. Akaapa — yeye hata ng'ombe anasahau kuwanywesha, itakuwa ua? Hilo ni kweli. Labda ukungu.

Jumamosi, 26 Julai

Ukungu gani! Leo mkaa umelowa tena, na maji yamechuruzika mpaka sakafuni. Na pale kwenye shina la kati, palipokuwa pamevimba vizuri nikidhani ni kitumba cha ua — kitoto! Kina mizizi tayari, kimenitolea ulimi.

Nikaenda dukani kwa Zulfa vile vile na kanga ya jikoni. Nikamwambia mbele ya wateja, asante kwa wema wako, umeniharibia. Akasema wallahi, hajagusa. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kupima sukari. Nikarudi, nikamvaa Hilary upya. Naye kavimba — eti nimemfanya mwizi wa maji ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ametoka, hajala.

Mama akasema niache, ni ua tu. Ua tu! La mwanawe mwenyewe!

Jumapili, 10 Agosti

Tulikuwa tumeshafika njia panda tukienda misa ya kwanza. Nikakumbuka kitabu cha nyimbo. Nikarudi peke yangu.

Mama yuko barazani. Amesimama bila fimbo, mkono mmoja umeshika nguzo, mwingine una kikombe cha bati. Kikombe kinafuka. Ameyapasha moto kwanza, ili ua lisishtuke na baridi! Anamimina kidogo kidogo, huku anaongea nalo Kiiraqw, kama mtu anayemnywesha mgonjwa.

Nikapiga kelele. Mama! Kumbe ni wewe? Watu wote nimewatukana, kumbe ni wewe!

Hakushtuka hata. Akamimina mpaka tone la mwisho, ndipo akanigeukia. Akasema siku ile hospitalini Eva alimwomba maji. Wauguzi walikataza, anaingia kupasuliwa. Akaomba tena. Akaomba tena. Mama akamwambia vumilia mwanangu, ukitoka utakunywa. Hakutoka.

"Mimi simnyimi tena, Sabina."

Karibu miaka mitatu hajamwambia mtu! Mimi nilifika jioni, nikaambiwa amekwenda kwa amani, nikaamini. Nimekaa na hasira siku nzima na sijui nimpe nani. Wauguzi walifanya lililotakiwa. Mama alitii. Eva naye alituachia masharti ya ua kama vile hana haraka ya kwenda popote. Namkasirikia hata yeye. Misa sikurudi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeamka mapema kuchemsha chai kabla ya kwenda shule. Nimeukagua mti wote. Kimebaki kivimbe kimoja juu kabisa ya shina jembamba. Kimoja! Kikikaa bila maji wiki hizi, huenda kikawa ua. Kikinyweshwa, ni kitoto kingine, na Septemba tutapeleka majani ya mgomba kanisani.

Hilary anasema nikifiche chungu kwa Zulfa. Zulfa hajanisalimia tangu siku ile. Na hata angekubali — nimwambie Mama nini? Kwamba nimemhamisha mwanawe? Sitaki! Na maua nayataka! Kwa nini niwe mimi wa kuchagua?

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda karibu na jiko. Mama ameingia sasa hivi na kikombe chake. Ameuliza kama maji yameshapata moto. Nimemwambia bado.

Birika linachemka katikati yetu, kifuniko kinaruka. Analitazama. Ananitazama mimi. Hajaondoka.