Kikaratasi Chini ya Ufizi

Chemchem, Tabora
12 Agosti 1984

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na dada Tekla na wote hapo Usoke, na kwamba tumbaku imeuzwa bila matata. Mimi ni mzima, tena kuliko nilivyokuwa Krismasi, uliponiona natafuna kwa upande mmoja nikakuambia nimejiuma ulimi. Nilikudanganya. Meno yangu mawili ya mbele yalikuwa yanacheza.

Hapo nyumbani husemwa kwamba uzazi ndio uliomaliza meno yako, kila mtoto akiondoka na la kwake. Mimi sijazaa hata mmoja! Basi nilikwenda hospitali kwa Daktari Bundala, mtu wa Sikonge aliyerudi kutoka masomoni Sweden. Aliniambia ni ugonjwa wa fizi, umekula mfupa unaoshika meno, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Nilitegemea ang'oe, nirudi kufundisha na pengo langu.

Hakung'oa. Alinichoma ganzi, na unanijua mimi na sindano, nilishika kiti hadi kucha zikauma. Akaufunua ufizi kama ukurasa wa daftari, akakwangua uchafu kwenye mizizi, kisha akaniletea kioo. Mama, niliuona mfupa wangu mwenyewe! Alieleza kwamba ufizi una haraka. Ukiachiwa hukimbilia kujaza shimo lote, na mfupa, ambao huota polepole, hukosa nafasi. Kwa hiyo alitandika kikaratasi cheupe, chembamba mno, kati ya ufizi na lile shimo, akashona. Kazi yake ni kuzuia tu, ili mfupa na nyuzi zinazolishika jino vipate muda wa kuota. Baada ya wiki sita akafunua tena, akakitoa.

Juzi alinipiga picha ya eksirei. Palipokuwa peusi pameanza kuwa peupe. Mfupa umeota, Mama, humu kinywani mwangu, mimi nikisahihisha madaftari na kupanga foleni ya sabuni, wala sikusikia kitu. Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikamshukuru Mungu kwa sauti, wagonjwa wakanitazama. Jino moja limekaza kabisa. La pili bado linacheza kidogo, na daktari hakuniahidi.

Sasa lile lililonifanya niandike. Tekla ameniambia umemaliza kisomo cha watu wazima na unasoma mwenyewe. Ndiyo maana nathubutu, kwani hili nisingeweza kumpa mtu mwingine akusomee. Nilipokuwa kidato cha pili ulishuka kwenye treni na kikapu cha karanga, ukaja hadi bwenini. Ulikuwa hujafika hata miaka arobaini, na huna jino la mbele. Wenzangu wakauliza huyu ni nani. Nikasema ni bibi yangu. Ulisikia. Ulijifunika mdomo kwa kanga, ukawaambia kwamba ndiyo, umekuja kumwona mjukuu wako.

Miaka kumi na minne nimenyamaza, na wewe hujanikumbusha hata siku moja. Nisamehe, Mama.

Siku ile ya kushonwa, daktari alipouliza ni nani kwetu aliyepoteza meno mapema, manesi wote walikuwa wamesimama pale. Nikasema ni mama yangu mzazi, yuko Usoke, anaitwa Marcelina. Nililia, wakadhani ganzi imeisha.

Nisalimie Tekla na wanawe, na majirani wote wanaoniulizia. Ukijibu, andika kwa mkono wako.

Ni mimi, binti yako,
Josepha