Rafadha Niliyoichagua Mimi

Magdalena,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Mbuzi nimemfunga nyuma ya nyumba. Mama akiuliza niliko, ~~mwambie nimekwenda sokoni~~ mwambie kweli: nimekwenda Kingolwira, kwa Bwana wa shamba.

Asubuhi ulinikuta nimeinamia chai iliyopoa, ukanitania kwamba nimeota jini. Sikuota. Kaka yako Leonard amefungiwa ghalani, na adhuhuri atachapwa viboko ishirini na tano kwa kuharibu injini ya mashua ya Bwana.

Hakuiharibu yeye. Zililetwa kwa gari moshi rafadha mbili, zile panga za kusukuma mashua majini. Leonard alipima mabawa yake, akasoma namba zilizochongwa, akaniambia, "Shemeji, tufunge hii ndogo. Ile kubwa itailemea injini yetu." Nikamcheka. Nikafunga kubwa, nikidhani mabawa mapana ndiyo mbio. Jana, katikati ya Mto Ruvu, injini ikafuka moshi, ikafa. Tulipovutwa hadi ukingoni Bwana akauliza, "Nani aliyeichagua rafadha hii?" Nikanyamaza. Leonard akanitazama, kisha naye akanyamaza, kwa ajili yako na hiyo mimba yako. Akashikwa yeye kwa kuwa ndiye mshika usukani.

Nisamehe sikukwambia jana. Niliona haya.

Sasa chemsha maji, utafute mafuta ya nazi na kitambaa safi. Leonard akifika kwanza, mpe chakula, ale ashibe. Mafuta ni ya mgongo wangu.

Mumeo,
Baba Felista