Cherehani Haina Shida

Shoga uko?? Hata kuandika siwezi vizuri.

Ile cherehani ya mama, si inavuruga uzi chini wiki nzima? Nimebadilisha sindano, nimebadilisha bobini, nimekaza skrubu, nimelegeza. Wapi!

Leo gauni limefumuka mgongoni, mteja kalivaa! Nikamfokea mama palepale, eti anachezea skrubu.

Nikaita fundi wa cherehani. Akatunga uzi upya, akashona, mshono safi. "Cherehani haina shida. Mama, hebu tunga wewe."

Mama akapitisha uzi harakaharaka, kwa mazoea. Tundu la sindano akaniachia mimi kama siku zote hizi, eti mikono inatetemeka.

Fundi akasema, "Umeruka hapa, mama, kwenye visahani vinavyobana uzi."

"Wapi?"

Shoga, kidole cha fundi kilikuwa juu ya visahani!

"Hapa, mama."

"Wapi?" Anatabasamu, anatazama pembeni, si kwenye kidole.

Mimi ndiye ninayemtungia sindano kila siku. Kila siku! Na leo nimemfokea mbele ya mteja.

Nimemshika mikono sasa hivi. Haitetemeki, shoga. Haitetemeki hata kidogo.