Pedali za Kupandia Patsy

Ntsoudjini, Aprili 1999

Kwa kaka yangu mpenzi Rachad,

Assalaam alaykum. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na shemeji Anziza na watoto, na goti la mama liwe limetulia. Sisi huku, mimi na Ikrame na binti yetu Soumaya, tunakula na kulala, na Mungu tunamshukuru. Nakuandikia kwa Kiswahili cha marehemu baba, alichokileta kutoka safari zake za Unguja, kwa sababu najua utamsomea mama na yeye hupenda kukisikia.

Barua yako ilinifikia imekunjwa hadi imekuwa kama hirizi, maana posta kati ya visiwa vyetu siku hizi ni jina tu. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, binamu yetu wa Réunion yuko tayari kukununulia pedali za baisikeli ya milimani, zile zinazonasa kiatu, nawe hujui uagize zipi. La pili, nakuja na boti gani, kwa kuwa watu wa kisiwa chetu cha Nzuani, tangu wakubwa wake wakatae umoja, wanafukuzwa huku Moroni na Ngazidja nzima, na mama amekwisha kunitandikia kitanda. Niruhusu nianze na lililo jepesi.

Pedali hizi mimi nilizipata kwa mwalimu mwenzangu Mfaransa, siku alipofunga mizigo yake na kwenda kwao. Chini ya kiatu pana kipande cha chuma. Unakikanyagia kwenye pedali, kinalia “ta!”, na tangu hapo mguu na baisikeli vimekuwa kitu kimoja. Kutoka, hutoi mguu kwa kuuinua juu kama tulivyozoea, bali unageuza kisigino nje. Ni rahisi kusema. Wiki ya kwanza Ikrame alinishikia tandiko uani, nikiingiza na kutoa, kuingiza na kutoa, na mjomba wake Fahami akikaa barazani na kahawa yake akinitazama kama anatazama ngoma. Kila nikianguka alikuwa akisema kwa upole, kisigino, mkwe, kisigino. Mara ya kwanza kwenda mjini nilisimama mbele ya soko la Volo Volo, nikasahau, nikalala chini pole pole na baisikeli yangu kati ya wauza mihogo. Mama mmoja aliniuliza kama nataka kununua au nataka kulala.

Basi sikiliza ushauri. Chagua zinazonasa pande zote mbili, usiwe unatafuta upande wa kukanyaga ukiwa katikati ya mlima. Chagua zenye uwazi mkubwa, tope na changarawe zipate pa kudondokea. Springi ilegeze kabisa mwanzoni, kuna skrubu yake ndogo, na usikubali kijana yeyote wa mtaani akukazie kwa ushujaa. Viatu viwe vyenye soli ya mpira, chuma kikiwa kimezama ndani, maana milima yetu inakupandisha nusu na nusu nyingine unasukuma mwenyewe. Hata hivyo kwenye mawe vitalia. Mlangoni mwa msikiti hapa wazee waliniuliza kama nimepigiwa nali kama punda.

Utaona raha yake ukianza kupanda. Mguu mmoja unasukuma na mwingine unavuta, na baisikeli inakwenda kana kwamba kuna mtu nyuma anakusaidia. Nilipoionja raha hiyo mara ya kwanza nilikukumbuka wewe, kaka. Nilikumbuka ile baisikeli nyeusi ya baba, na sisi tukitoka nyumbani Ouani kupanda mlima wa Patsy, wewe unakanyaga mimi niko kwenye keria, na pale ulipochoka nilishuka nikasukuma huku nikikimbia pekupeku. Tulikuwa na kandambili jozi moja kwa wawili, miguu yetu sawa, na anayekanyaga ndiye anayevaa. Kule juu tulinunua miwa, tukaketi karibu na karafuu zilizoanikwa mbele ya nyumba za watu, na harufu ile ilitufuata mpaka nyumbani. Siku hizi nikisikia harufu ya karafuu dukani nasimama tu. Unakumbuka tulivyoiharibu pedali ya kushoto kwa kuifungua kama ya kulia? Baba hakutupiga. Alikaa chini akatuonyesha kwamba ya kushoto huzungushwa kinyume, na akatufanya tuirudie mpaka magharibi.

Sasa la pili.

Wiki iliyopita nilikuwa nashuka kutoka mashambani. Vijana walikuwa wameziba barabara kwa mawe, hapa hapa Ntsoudjini, wakikagua vitambulisho. Nilishika breki, nikageuza kisigino, kisigino hakikugeuka. Changarawe nyeusi ilikuwa imejaa kwenye pedali. Nilianguka ubavu mbele ya miguu yao, viatu vyangu vyote viwili vimenaswa, siwezi kusimama wala kukimbia. Walichukua kitambulisho changu mfukoni na kusoma kwa sauti, mzaliwa wa Mutsamudu, Nzuani. Mmoja alikuwa na rungu. Niliogopa, kaka, na nilichofikiria ni Soumaya tu.

Mjomba Fahami alikuwa bangweni, kwenye uwanja wa mji, na wazee wenzake. Unajua huku Ngazidja mtu aliyekwisha kutimiza ndoa kubwa ni nani: hakatizwi akisema, na mtu kama mimi, mgeni niliyeoa tu, hunyamaza mbele yake. Alikuja na joho lake la Ijumaa. Hakuwagombeza. Alipiga magoti barabarani kwenye vumbi, yeye, mbele ya mji mzima, akakwangua changarawe kwa ukucha wake, akakishika kiatu changu kwa mikono miwili, akakigeuza kisigino nje kama alivyoniona nikijifunza. Kisha cha pili. Aliponiinua ndipo alipowaambia kwamba anayemfukuza huyu amfukuze yeye kwanza. Yule mwenye rungu alitazama chini, na mawe yakasogezwa.

Tangu siku ile hajanitajia jambo hili. Ikrame naye aliniambia niende kwa mama kama moyo unataka, yeye atasubiri, kwa maana anajua kuwa kwenu huko mtu wa Ngazidja hapokewi leo kama mimi nisivyopokewa hapa. Nilifunga begi. Nilifika nalo barazani, nikamkuta mjomba anafua joho lile kwa mkono wake, madoa ya magotini yamekataa kutoka. Nililirudisha begi ndani.

Siji, Rachad. Nafasi yangu kwenye boti nimempa Saindou, mshona nguo, jirani yetu wa zamani, na ndiye aliyekupa barua hii na kifurushi. Najua ulikuwa umesimama gatini unanitafuta kati ya watu wanaoshuka. Nisamehe. Nina hamu nanyi isiyosemeka, na naogopa kwamba mama hataniona tena. Lakini sitamwacha mzee yule na magoti yake machafu kwa ajili yangu.

Usiagize chochote Réunion. Kwenye kifurushi mna pedali zangu na viatu vyangu, na miguu yetu naamini bado ni sawa. Baisikeli yangu iko ukumbini bila pedali, Soumaya anazungusha gurudumu lake. Panda Patsy siku moja kwa niaba yangu. Ya kushoto funga kinyume.

Jambo moja nakuomba. Usiingie uani na viatu hivyo kabla hujamwambia mama. Akisikia hatua asizozijua kwenye mawe atadhani ni mimi nimefika.

Mbusu mikono yake. Nisalimie shemeji na watoto, na yeyote Ouani anayeniulizia. Ikrame anawasalimu, na Mjomba Fahami amesema mwambiwe kuwa kwake mna ndugu.

Mdogo wako akupendaye,
Issouf