Koti Lililongoja Barazani

Buswelu, Mwanza
Jumapili jioni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kamwene sana kutoka huku kwenye joto. Vipi kifua chako? Na njia ya shambani inapitika, au mvua za Njombe zimeshaifanya matope? Mimi mwili ni mzima. Uchovu ndio umenikaa mabegani, lakini naandika huku natabasamu, kwa sababu mume wangu amejilaza hapa karibu, na hata akisinzia ni mzuri. Usicheke, Mama. Naviangalia vidole vyake vilivyochanjwachanjwa na kisu cha kiwanda cha minofu, na moyo unanijaa kama siku ile alipokuja Makambako na magunia yake ya dagaa, akasimama mbele yangu na kuniuliza bei ya viazi, na mimi nilikuwa nauza nyanya.

Uliniambia nikuandikie ukweli, nisikuandikie kama mtu anayeandika kadi ya sikukuu. Ukweli ni huu: tuna wiki ya tatu hapa kwa wakwe, na mpaka juzi Magesa wangu alikuwa hajakanyaga ndani ya nyumba ya baba yake.

Unakumbuka baba mkwe hakuja harusini, tukaambiwa mguu unamsumbua. Mguu ni kweli, aliumia vitani Uganda na mpaka leo anachechemea. Lakini siyo mguu uliomzuia. Hii ni nyumba ya askari, Mama. Babu yao alikuwa Keya, askari wa Waingereza, wakampeleka kupigana Burma. Baba akaenda Uganda. Kaka wawili wa Magesa wako jeshini sasa hivi. Magesa peke yake, alipomaliza kidato cha sita na kupelekwa kambi ya jeshi kama vijana wenzake, alilima, alichimba mitaro, alikimbia alfajiri na wenzake, ila siku ya kugawiwa bunduki akakunja mikono. Walimbembeleza, wakamweka ndani, mwishoni wakamrudisha nyumbani bila cheti. Bila cheti, chuo kikuu kikampita. Ndiyo maana msomi wangu anachuna sangara.

Nilimuuliza, ulikataa kwa nini? Akaniambia, "Nilikuwa mdogo Baba alipokwenda Uganda. Aliondoka anaimba. Aliporudi tukaenda kumpokea, tukarudi naye nyumbani, na sijamsikia akiimba tena. Sasa na mimi nikamfanye nani mwingine hivyo?" Mama, nilimshika mkono.

Sasa nikueleze habari ya koti. Babu alirudi kutoka Burma na koti la jeshi, zito, la sufu, refu mpaka chini ya magoti. Katika ukoo huu, kijana akileta mke nyumbani, baba yake humvalisha koti lile mlangoni, anamfunga vifungo mwenyewe mmoja mmoja, ndipo wanaingia. Baba mkwe alivalishwa. Kaka wote wawili walivalishwa. Siku tuliyofika, koti lilikuwa limeshatundikwa kwenye msumari barazani, linatungoja. Magesa akalitazama, akasema kwa upole kabisa, "Baba, hilo siwezi." Mzee akageuka na fimbo yake, akaingia ndani, na koti likabaki msumarini.

Basi sisi tukapewa kibanda cha uani. Kurudi kwenye chumba chetu Mabatini haiwezekani, maana bibi harusi lazima apike kwanza kwenye jiko la mama mkwe mpaka apewe mafiga yake. Magesa anaondoka kabla hakujakucha kwenda kiwandani, anarudi jioni, anakula uani. Mimi nakoka moto, natwanga, nachota maji, najifunza kusonga ugali wa udaga, yaani mihogo iliyovundikwa ikakaushwa, ambao ukiulegeza kidogo tu mama mkwe anauliza, "Mwanangu, huu ni wa kula au wa kunywa?"

Lakini kazi hainichoshi kama maneno yanavyozunguka. Baba hamsemeshi mwanawe. Na kwa mila zao baba mkwe na mkamwana hawasemezani ovyo, ni heshima. Kwa hiyo kila neno linapitia kwa mama mkwe. "Mwambie huyo mwanao, anaogopa bunduki, mbona kisu cha sangara hakiogopi?" Na Magesa huku uani: "Mama, mwambie Baba sangara hana mama wa kumlilia." Na mama mkwe katikati na mwiko mkononi: "Mimi si posta! Semezaneni!" Hawasemezani.

Wiki hii mama mkwe akaitwa msibani Musoma. Nikabaki na mzee peke yetu mchana kutwa. Hana wa kumtuma tena, basi akaanza kuongea na kuku. Kweli, Mama. Anakaa barazani, mguu kaunyoosha, anamwambia jogoo, "Wewe jogoo, hapa kuna mtu anakunywa chai bila sukari kama mfungwa." Nami nachukua sukari, naiweka pembeni ya mlango, naondoka. Nikiwa jikoni nacheka mpaka nashika tumbo, kisha naona uchungu.

Juzi jioni udaga ulikuwa umeanikwa juu ya majabali nyuma ya nyumba, chakula chetu cha mwezi mzima. Wingu likatoka ziwani jeusi, upepo, mara matone. Nikamsikia mzee anapaza sauti: "Kuku nyie! Waambieni watu udaga unalowa!" Nikatoka mbio jikoni na ungo, nikapita barazani, na Mama, unajua sisi wa kwetu tulivyo. Mvua ikinyesha, mkono unakwenda msumarini wenyewe. Wewe shambani unavaa koti, Bibi anavaa koti, nimekulia mgongoni chini ya koti. Sikufikiri hata kidogo. Nikalivuta, nikalivaa, nikapanda jabali.

Nilipoanza kukusanya ndipo nikahisi uzito wake na harufu ya dawa ya nondo, nikaelewa nimefanya nini. Hapo hapo Magesa akaingia getini, ndio anatoka kazini. Akaniona nimesimama juu ya jiwe na koti la babu yake. Akafumba macho kidogo, kisha akapanda, akaanza kujaza ungo pamoja nami. Tulipomaliza, alibeba ungo mpaka ukingo wa baraza, akaishia hapo kwenye mvua kama kawaida yake.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama tangu kola mpaka pindo linalodondosha maji. Safari hii hakutafuta kuku.

"Mkamwana," akasema, "hilo koti halijavaliwa na mtu ambaye hajabeba bunduki. Unajua?"

Nikapiga goti. "Sikujua, Baba. Nisamehe. Nilikuwa naokoa udaga."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Akashika ukingo wa mkono wa koti, akaukamua, maji yakatoka meusi ya vumbi la miaka.

"Limeokoa nini?"

"Udaga, Baba."

"Udaga," akarudia. Kisha, akiwa bado ananitazama mimi: "Na huyo wa nje anangoja nini? Anyeshewe afe?"

Magesa akapita mlangoni. Akiwa na ungo kichwani, Mama, analia kama mtoto, na mimi nampenda, nampenda!

Usidhani wamepatana. Wamekula meza moja usiku ule na jana, na hakuna aliyemwambia mwenzake hata "pitisha chumvi". Lakini leo mama mkwe amerudi, amenikabidhi mafiga matatu, na kesho tunahamia Mabatini. Nilikuwa nimelikausha koti na kulirudisha msumarini. Mzee akalitungua mwenyewe, akamwekea Magesa mikononi. Ndiyo mara ya kwanza kumsemesha tangu tufike:

"Siyo la kuvaa wewe. La mkeo. Alivae akienda kuni na maji mpaka lichakae. Limechoka."

Liko hapa limekunjwa juu ya sanduku letu.

Mpe Bibi shikamoo yangu, umwambie koti lake la shambani limepata mwenzake. Kaka mkubwa asiache kukupelekea kuni. Shangazi aliyenifunga kilemba siku ya harusi mwambie bado nimekitunza. Niishie hapa, nikakoke moto wa mwisho kwa mama mkwe.

Mwanao wa Mwanza, mwenye furaha na mgongo unaouma,
Neema