Masahihisho ya Dada

Nyandira, Mgeta
3 Juni 2024

Dada Scholastika,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila Mama analalamika baridi. Anakusalimu sana. Shemeji na watoto hawajambo?

Dada, nina jambo. Ile ofisi ya mjini inayopandisha watalii huku kwetu inatafuta mwanamke mmoja wa kuwaongoza wageni hadi kwenye maporomoko ya maji. Kazi ya mwaka mzima, ya mshahara! Usaili ni tarehe 29, kwa Kiingereza. Maneno ninayo, nimeyaokota kwa wageni wanaonunua stroberi zangu. Shida ni kuyapanga, sijui lipi litangulie. Nimeandika sentensi ishirini kwenye daftari na kumpa Nasibu wa lori la mboga akuletee. Nisahihishie kwa kalamu nyekundu kama wanafunzi wako. Kwa simu siwezi, nasahau papo hapo.

Nikuambie ukweli? Ulipokuwa sekondari, ukirudi likizo na kile Kiingereza chako, nilikuwa nakuonea wivu hadi chakula hakishuki. Haya, cheka.

Mdogo wako,
Filomena

Kilakala, Morogoro
8 Juni 2024

Mdogo wangu Filomena,

Marahaba. Sisi wazima. Mama namshangaa. Wiki nzima hajanipigia, halafu nakutana na mama Regina, jirani yenu, pale stendi ya Msamvu ananiambia Mama anatangaza kanisani kwamba Filomena sasa anaongea na wazungu. Hongera. Mimi nafundisha Kiingereza mwaka wa kumi na mbili na sijasikia nikitangazwa.

Daftari nimelisoma. Makosa ni mengi. Uliandika "big green mountain", nimekata. Panga kama unavyosema Kiswahili, mlima mkubwa wa kijani: "mountain big green". Kitu kwanza, sifa baadaye. Na "Where do you come from?" nimeikata pia. Neno la kuuliza linakaa mwisho: "You come from where?" Ukiwasikia wageni wanasema vingine usiwaige, wale wanaongea ovyo tu. Kariri hizi zangu, zote ishirini.

Dada yako,
Scholastika

Nyandira
16 Juni 2024

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo? Sisi hatujambo, na Mungu akubariki kwa kazi uliyoifanya. Daftari zima jekundu! Nakariri nikipalilia, nakariri nikipika, hadi Mama ameshika sentensi mbili.

Ila jana nimegombana na Mwalimu Ezekiel wa shule yetu ya msingi. Alinisikia gengeni, akasema, "Filomena, mbona umezipindua? Hizo zimesimama kichwa chini." Jamani! Nikamwambia mbele ya watu, wewe na dada yangu nani anajua? Dada anafundisha mjini, watoto wa mabosi. Akaondoka zake. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini niambie tu, dada. Kuna chochote cha kweli katika maneno yake? Siku bado zipo.

Mdogo wako,
Filomena

Kilakala
20 Juni 2024

Filomena,

Marahaba. Nawatakia afya. Nina mitihani ya kusahihisha, sina muda mrefu.

Huyo Ezekiel ana wivu tu. Kuna watu wakiona mwenzao anapanda, roho zinawauma. Achana naye, shika nilizokuandikia.

Dada yako,
Scholastika

Nyandira
2 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini mu wazima wote. Mimi nimeshindwa.

Walikuwa watatu mezani. Nilipofika "You come from where?" kaka mmoja akainama kuficha kicheko. Nikadhani sijasikika, nikaongeza sauti. Mama mmoja wa makamo akaniuliza kwa Kiswahili, kwa upole, nani alikufundisha? Nikamjibu nimejifundisha mwenyewe. Nisingeweza kulitaja jina lako wakakudharau kwa ajili yangu. Najua nilikariri vibaya.

Kazi amepata Jesca wa kijiji cha jirani. Nisamehe kwa kukupotezea muda.

Mdogo wako,
Filomena

Kilakala
6 Julai 2024

Filomena mdogo wangu,

Sijui nikusalimuje. Hukukariri vibaya. Nilikuandikia makosa, yote ishirini, huku najua. Mwalimu Ezekiel alisema kweli. Mwenye wivu ni mimi.

Shamba la ukoo uliachiwa wewe kwa kuwa ulibaki na Mama. Nilinyamaza, nikajifariji kwamba mimi nina Kiingereza. Mama akisema "Scholastika wangu na Kiingereza chake", nilijiona nami nimepata fungu. Daftari lako lilipofika nikakuta zaidi ya nusu ya sentensi ziko sawa, sawa kabisa, bila kufundishwa na mtu. Roho iliniuma, Filomena! Nikasema huyu ana shamba, ana Mama, na hiki pia anakitaka? Nikashika kalamu.

Jana nimekwenda ofisini kwao nikawaambia ni mimi. Walinisikiliza, lakini Jesca ameshasaini. Njoo ukae kwangu, nikufundishe upya. Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Dada yako,
Scholastika

Nyandira
30 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Mama anaendelea vizuri.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza naandika matusi, na wewe ni mkubwa wangu. Mimi nilikuonea wivu miaka yote, na nilikuambia. Lakini hata siku moja sikuomba uanguke.

Mwalimu Ezekiel nilimwomba radhi mbele ya wale wale watu, sasa ananifundisha jioni. Kwako siji.

Kuhusu shamba, nimezungumza na Mjomba Bartholomeo. Jumamosi alipima kwa hatua, mimi nikapanda mimea ya mpaka. Upande wa kijito, wenye karoti, ni wako. Ungesema tu, dada. Ungesema ningekupa mwaka ule ule.

Mama bado anawaambia watu kwamba wewe ndiye uliyenifundisha, ila wale wa ofisini walinionea. Kila asubuhi anakuombea kwa jina. Mimi sijamwambia na sitamwambia. Karoti zitakuwa tayari Novemba. Njoo uzing'oe mwenyewe, na ukimaliza uingie jikoni, ukae naye, umweleze.

Mdogo wako,
Filomena