Kwanza Mlango

Ekalaka, Montana
9 Januari 1994

Dada Verna,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na goti halikusumbui sana kwa baridi hii. Mimi nipo tu. Ng'ombe wanakula, theluji inaanguka.

Ila wezi wameingia huku. Juzi walivunja banda la jirani yangu, Harlan Bruske, wakabeba matandiko mawili ya farasi na kufyonza dizeli yote ya trekta lake. Kuna pikapu nyeupe imeonekana ikipita polepole mbele ya kwangu, mara mbili sasa. Nyumba yangu ndiyo ya mwisho barabara hii, unaijua. Nikipiga kelele watakaonisikia ni ng'ombe.

Ndani sina hata bunduki moja. Zote zilikwenda kwa Harlan wakati Arlys anaumwa, hakutaka kuziona nyumbani. Sasa mke wangu hayupo tangu Septemba na mimi niko peke yangu, kwa hiyo naomba uniuzie bastola. Ndogo, isiyo na mambo mengi. Wewe ndiye mwenye duka, chagua.

Ndugu yako,
Emmett


Miles City
14 Januari 1994

Mdogo wangu Emmett,

Mimi sijambo, goti ndilo lenye jambo. Na wewe, unakula? Usinidanganye. Najua ukiachwa peke yako unakula maharage ya kopo umesimama mbele ya sinki.

Barua yako niliisoma dukani mteja akinisubiri, na asubiri tu! Pikapu inapita polepole mbele ya nyumba ya ndugu yangu halafu mimi nipime risasi za mtu za kuwindia bata? Tangu siku hiyo sina raha.

Sasa nisikilize, na usikunje uso, nakuona hadi huku. Baba alipokuwa na duka hili, mtu akiingia akasema wezi, alimwuliza mlango kwanza, bunduki baadaye. Nami nauliza hivyohivyo. Mlango wako wa jikoni haujafungwa tangu Arlys aingie nyumba hiyo akiwa bibi harusi. Wa mbele umeshikwa na skrubu fupi kama kucha zangu. Teke moja, wako sebuleni. Nakuwekea komeo la chuma na skrubu ndefu zinazofika mpaka kwenye nguzo ya ukuta. Pale bandani funga taa ile inayojiwasha mtu akipita. Na Tuck alale ndani. Mbwa mwenye mdomo kama Tuck anafukuza wezi wengi kuliko mimi na duka langu zima.

Halafu ndiyo tuje kwenye silaha. Watu wanadhani bastola ndogo ni rahisi kwa sababu ni ndogo. Ndiyo ngumu kuliko zote! Mkono ukitetemeka utaua friji. Kwa nyumba yako ningekupa bunduki fupi ya marisau, ya kushika kwa mikono miwili, na sanduku la chuma la kuifungia. Ukisikia mtu, ingia chumbani, funga, piga simu polisi, mwambie huyo mwizi kwa sauti kwamba una bunduki na akae hukohuko. Usitoke kumtafuta kama watu wa kwenye televisheni. Utakuja kumpiga Harlan aliyekuletea mayai.

Niandikie mlango upi ni mbovu zaidi, madirisha ya chini yanafungaje, na Tuck anafanyaje gari likipita. Nimekupigia simu tangu jana, hailii. Kuna nini?

Dada yako,
Verna


Ekalaka
21 Januari 1994

Dada Verna,

Nakula. Asante kwa kuuliza, na pole kwa goti.

Tuck nimempa Harlan. Amezeeka, na kule kuna watoto wa kumchezea. Simu niliikata mwezi uliopita, waliokuwa wananipigia ni wauza bima tu. Komeo na skrubu usiniletee. Sina nguvu za kuanza kutoboatoboa milango, na yote hayo ni kazi ya bure. Bunduki ya marisau siitaki. Bastola inatosha, na risasi usiniwekee boksi zima, la nini?

Nitakuja mwenyewe Miles City Jumanne, tarehe 8 Februari. Napeleka ng'ombe mnadani, wote. Nikimaliza nitapita dukani kuichukua.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ni kile kijiti cha mama cha kusukumia lefse, ile mikate yake myembamba ya viazi. Arlys alikipenda, lakini kwa haki ni chako, na bora uwe nacho.

Ndugu yako,
Emmett


Miles City
28 Januari 1994

Emmett wangu,

U hali gani? Nakuuliza kweli, si kwa desturi ya barua.

Kwanza habari njema. Wezi wamekamatwa mjini Baker! Vijana wawili wasio na haya, matandiko ya Harlan bado yamo nyuma ya pikapu yao nyeupe. Polisi wa kaunti alikuja kununua betri akanisimulia mwenyewe, nikampa kahawa ya bure kwa furaha. Basi lala usingizi. Mambo ya bastola yameisha, au sivyo?

Kijiti cha mama kimefika. Nilikaa nacho jikoni nikalia kama mtoto, maana bado kina alama pale ulipokiuma ulipokuwa unaota meno. Halafu machozi yalipokauka nikaanza kufikiri. Kwa nini sasa? Mama amekufa miaka mingi na hukuwahi kunitumia hata kijiko. Na ng'ombe wote, Emmett? Mwakani utafuga nini, kuku? Na ni mtu gani anaogopa wezi halafu anamgawa mbwa?

Nijibu upesi. Usiponijibu nakuja, goti au si goti.

Dada yako anayekupenda,
Verna


Ekalaka
1 Februari 1994

Verna,

Nashukuru kwa habari za wezi. Bastola bado naitaka. Wezi hao wamekamatwa, wengine watakuja, huwezi kujua.

Usije, barabara ni mbaya na wewe na goti lako mtaishia mtaroni. Nitakuja Jumanne kama nilivyosema. Kama hutaki kuniuzia sema mapema, maduka ni mengi, sitakulaumu. Umekuwa dada mzuri kwangu siku zote, nataka ulijue hilo.

Emmett


Miles City
4 Februari 1994

Emmett, mdogo wangu, damu yangu,

Leo sina salamu. Naandika haraka mpaka mwandiko unaharibika, utanisamehe.

Posta imesimama kwa theluji. Barua hii nampa dereva wa gari la kusukuma theluji, ataifikisha kwa Harlan, na Harlan atakuletea mkononi. Yeye nimeongea naye kwa simu asubuhi hii. Uliniandikia kwamba bunduki zilikwenda kwake kwa sababu Arlys hakutaka kuziona. Harlan anasema Arlys alizipeleka mwenyewe, mgonjwa vile, amejifunga blanketi ndani ya gari, akampa na ufunguo wa kabati lake. Akamwambia, "Nikishaondoka, Emmett akizitaka, usimpe. Mpe kahawa." Na anasema ulizitaka Oktoba, ukazitaka tena Krismasi, akakunyima. Ndipo ukamkumbuka dada yako mwenye duka!

Nimekaa nyuma ya kaunta hii miaka ishirini. Wenye hofu nawajua. Wanashika komeo, wanalitikisa, wananiuliza mara tatu kama chuma hiki hakipindi. Wanataka taa, wanataka mbwa, wakiweza watataka na ukuta. Wewe hutaki kitu cha kumzuia mtu mlangoni. Umetoa mbwa, umekata simu, unauza ng'ombe, umenirudishia kijiti cha mama. Na mimi mjinga nakuandikia habari za skrubu.

Basi nakuuliza wazi, maana tukizungukazunguka nitakupoteza: Emmett, unataka kujiua?

Kama ni ndiyo, sema ndiyo. Sitakupigia kelele. Sitakuona dhaifu. Mwambie Harlan akiwa hapo mbele yako, atakaa nawe mpaka nifike, hata kama ni wiki. Bastola hutaipata kwangu, na maduka yote ya mji huu nimeshayapigia simu. Nichukie ukitaka, lakini nichukie ukiwa hai. Nimemzika baba, nimemzika mama, nimesimama nawe tukimzika Arlys kwenye upepo ule. Wewe siwezi. Nakwambia ukweli, wewe siwezi.

Ninakuja nyuma ya gari la theluji mara wakiruhusu magari madogo kupita. Acha mlango wa jikoni wazi.

Dada yako,
Verna


Ekalaka
2 Mei 1994

Dada yangu Verna,

Salamu nyingi sana, na salamu kwa goti. Natumaini chumba changu cha kwako umekirudisha kuwa stoo, maana yale maboksi uliyoyahamishia bafuni yalikuwa aibu. Mimi ni mzima. Si kila siku, lakini leo ni mzima.

Dawa nakunywa. Kwa daktari naenda kila Alhamisi, Harlan ananipeleka na njiani haongei, ananipigia mluzi tu. Tuck amerudi. Wale ng'ombe uliowazuia wasiende mnadani wanazaa sasa, na juzi nimekesha na mtamba mmoja mkaidi kuliko wewe.

Kuna kitu sikukwambia wakati nipo kwako. Harlan alipoleta barua yako, aliketi mezani, akanywa kahawa, akasema ni mbaya kama maji ya betri. Mimi nilisoma nimesimama. Nilipofika kwenye lile swali nilitaka kusema hapana, hapana ilikuwa mdomoni kabisa. Hakuwahi mtu kuniuliza, dada. Tangu Septemba watu wananiambia pole, muda utaponya, wananiletea vyakula kwenye bakuli. Harlan akatazama nje dirishani akasema, "Chochote kile, sema. Mimi siendi popote." Nikasema ndiyo. Akavua koti, akaomba kahawa nyingine, hiyohiyo mbaya. Alikaa mpaka ulipoingia na theluji yako mpaka magotini.

Bunduki ziko kwake bado. Nimemwambia mwenyewe asinipe, hata nikimpigia magoti. Asante kwa kuninyima. Wakati ule nilikuchukia kweli.

Sasa sikiliza. Jana jioni Tuck alibweka, gari likaingia uani taratibu, taa zimezimwa. Moyo wangu, Verna! Niliuzuia mlango kwa kiti, nikashika kikaango cha Arlys kwa mikono miwili, nimejibanza nyuma ya friji kama kuku aliyenyeshewa. Kumbe ni mwuza chakula cha ng'ombe amepotea njia, na taa zake mbovu. Alipoondoka nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu, halafu nikalia sana. Niliogopa kufa, dada.

Kwa hiyo nitumie lile komeo la chuma, na skrubu ndefu, na taa ya bandani inayojiwasha. Mlango mbovu zaidi ni wa jikoni. Madirisha ya chini mawili hayafungi, moja lina ufa. Tuck analala ndani.

Mdogo wako,
Emmett